Ruta mpya ya waifai inakatakata, kiboksi cha zamani kilikuwa hakina shida. Naombeni msaada wakuu

#1 Mpangaji wa Tabata

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada kwa hili maana hapa nyumbani hapaeleweki. Nina faiba, kampuni walituletea kile kiboksi chao cheupe chenye waifai ndani, kilikuwa kinapiga kazi vizuri tu ila waifai yake haifiki chumba cha nyuma, nikaenda Kariakoo nikachukua ruta mpya ya antena nne, ile yenye waifai za masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5. Akaja jamaa akaifunga, akavuta kebo kutoka kwenye kiboksi hadi sebuleni kwenye ruta, akaweka jina na paswedi, tukajaribu ikaruka vizuri kabisa, akalipwa chake akaondoka.

Shida ikaanza jioni ileile. Simu zinaonyesha waifai imejaa mpaka juu ila chini inaandika imeunganishwa, hakuna intaneti. Unasubiri inarudi yenyewe, au unazima waifai ya simu unawasha inarudi. Saa nyingine simu yangu inafanya kazi ya wife haifanyi na tumekaa kochi moja. TV ndo usiseme, mpira ukikolea tu inaanza kuzunguka. Na wife anafanya kazi na watu wa nje, vikao vyake vyote viko mtandaoni, ikikata katikati ya kikao ni kibarua chake kinaingia matatani.

La pili, ile ya 5 inapotea kabisa. Sio kwamba inakuwa dhaifu, jina lenyewe halionekani kwenye orodha, halafu baada ya dakika moja au zaidi linarudi kama hakuna kilichotokea. Ya 2.4 jina halipotei.

Nimezima na kuwasha, nimeihamisha meza, nimebadilisha paswedi nikidhani majirani wamejiunga, nimeiriset tukaiweka upya. Kitu kingine sijui kama kinahusika, nikiandika 192.168.1.1 kwenye brauza mara unakuja ukurasa wa ruta mpya, mara unakuja ukurasa wa kile kiboksi cha kampuni, nikaona labda brauza inakumbuka ya zamani. Kila mtu ananiambia nimepigwa, hiyo ruta ni feki. Niirudishe dukani au kuna namna?

#2 Kijana wa Mjini

Pole sana mkuu. Badilisha DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Mimi ilinisaidia sana, tovuti zilikuwa hazifunguki hata kidogo.

#3 Mkongwe wa Kariakoo

Mkuu kabla hujarudisha kitu angalia adapta kwanza. Geuza adapta usome maandishi madogo, halafu geuza ruta usome chini yake, vilingane. Ruta ikitaka 12V 2A na adapta ni 12V 1A, itawaka vizuri tu asubuhi watu wachache, ila jioni simu zote zikirudi nyumbani na TV ikawaka inaelemewa inajizima na kujiwasha. Hapa sokoni hizi ruta za mafungu adapta zinachanganywa sana, mtu anachukua yoyote ambayo pini inaingia. Na ukikutana na ya 9V kwenye ruta ya 12V hapo utahangaika mpaka basi.

Swali langu, ikikata taa za ruta zinazima zote halafu zinaanza kuwaka moja moja? Au zinabaki vilevile?

#4 Fundi Waya

Nakazia swali la Mkongwe, hilo la taa ndo la kwanza kabisa. Ila naomba tusianze kumbadilishia mwenzetu vitu ovyo, tutamtia gharama bure. Mtandao unapokata kuna vipande viwili vya njia, kutoka simu yako mpaka kwenye ruta, na kutoka hapo mpaka nje duniani. Usipojua kimekata kipande kipi utabadilisha kila kitu na shida itabaki palepale.

Chukua laptopu. Fungua lile dirisha jeusi la komandi, fungua mawili pembeni kwa pembeni. Ping ni kama kubisha hodi kwenye kifaa uone kinajibu au hakijibu. La kwanza andika ping 192.168.1.1 -t halafu enta, hiyo ni ruta. La pili andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva iliyo nje kwenye intaneti. Yaache yatembee, endelea na shughuli zako, ikikata nenda ukaangalie hapohapo, sio baadae.

Yakikatika yote mawili, shida iko kati ya laptopu na ruta, yaani waifai yenyewe au ruta inazima. La kwanza likiendelea na la pili likikata, waifai yako ni nzima, shida iko mbele. Rudia hivyohivyo ukiwa umechomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo ili tuitoe waifai kwenye hesabu.

Na hiyo DNS ya 8.8.8.8 sio mbaya ila haitibu hili. DNS ikifa kurasa hazifunguki kwa jina lakini ping kwenda 8.8.8.8 inaendelea kujibu kama kawaida, kwa hiyo hata hilo jaribio litatuambia.

#5 Mpangaji wa Tabata

Asanteni wakuu kwa kunijibu haraka. Mkongwe, taa hazizimi, zinabaki vilevile zote kijani. Adapta imeandikwa 12V 1.5A na chini ya ruta ni hivyohivyo 12V 1.5A, na ilitoka ndani ya boksi lake. Fundi Waya naenda kufanya hilo jaribio sasa hivi narudi.

#6 Mkongwe wa Kariakoo

Basi adapta tunaiweka pembeni. Twende na Fundi.

#7 Mpangaji wa Tabata

Nimerudi. Imekata nikiwa pale pale naangalia. La 192.168.1.1 haliachi kujibu hata mara moja, milisekunde 2, 3, 2, safi kabisa. La 8.8.8.8 limekata ghafla, limekaa hivyo kwa muda, likarudi. Nikachomeka kwa kebo nikarudia, hivyohivyo. Kwa hiyo ruta haina tatizo, tatizo ni kampuni?

#8 Kijana wa Mjini

Hiyo ni kampuni mkuu hakuna mjadala. Wapigie kelele. Tena sio ajabu, mnakumbuka Mei 2024 nchi nzima intaneti ilivyosumbua? Kumbe ni nyaya za baharini.

#9 Fundi Waya

Ile ya 12 Mei 2024 ilikuwa kubwa, zilikatika nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, kwa pamoja, ndo maana Tanzania na Kenya na wengine wa ukanda huu waliumia wote siku moja. Hivyo ndivyo linavyokuwa tatizo la huko nje, linawakuta wote, mtaa mzima, na laini za simu pia zinalegea. Huyu mwenzetu simu yake inafanya kazi ya mkewe haifanyi, kochi moja. Nyaya za baharini hazichagui mtu na mkewe.

Kwa haraka haraka hata mimi ningesema kampuni, maana jaribio linaelekea huko. Ila kiboksi kilipokuwa peke yake kilikuwa hakikati, hilo ndo linalonisumbua. Mkuu, ile taa ya LOS kwenye kiboksi, ya kuonyesha mwanga wa faiba umepotea, ikikata inawaka nyekundu?

#10 Mpangaji wa Tabata

Hapana mkuu, LOS imezima muda wote, ya PON, ile ya kuonyesha faiba imeshika, kijani imetulia haipepesi.

#11 Dada wa Mtandao

Habari zenu. Nimesoma uzi wote, naomba turudi post ya kwanza kabisa, kuna sentensi imepita kimyakimya na kwangu mimi ndo kila kitu. Kasema akiandika 192.168.1.1 mara inakuja ruta mpya mara kinakuja kiboksi. Hiyo sio brauza. Hapo kuna vifaa viwili nyumba moja vyote vinajiita 192.168.1.1, na laptopu inapopiga ping haijui inaongea na nani, kwa hiyo majibu yale mazuri ya milisekunde 2 hayatuambii kitu, hatujui ni nani alikuwa anajibu!

Kaka naomba unifanyie mambo mawili.

Moja, geuza ruta mpya uangalie nyuma, kebo inayotoka kwenye kiboksi imechomekwa tundu gani. Huwa kuna tundu moja limetengwa rangi yake, mara nyingi bluu, limeandikwa WAN au limechorwa kidunia, halafu yapo mengine matatu au manne ya rangi moja yameandikwa LAN.

Pili, intaneti ikiwa inafanya kazi andika arp -a kwenye lile dirisha jeusi. Itakuja orodha, tafuta mstari wa 192.168.1.1, pembeni yake kuna namba ndefu ya herufi na tarakimu zimegawanywa kwa vistari, iandike mahali. Ikikata tu, andika tena arp -a, iandike tena. Halafu geuza vifaa vyote viwili usome stika, kuna sehemu imeandikwa MAC, ndo namba ya aina hiyohiyo, ya kutambulisha kifaa.

#12 Fundi Waya

Dada umepiga palepale. Nasubiri majibu.

#13 Mpangaji wa Tabata

Wakuu sijui nianzie wapi.

Intaneti ikiwa ipo, namba inaishia 4e. Imekata, nimeandika tena, inaishia b2! Nimegeuza stika. Ile ya 4e ni ya kiboksi cha kampuni. Ya b2 ni ruta mpya, stika inaishia b1 sio b2 lakini nyingine zote mbele zinafanana. Nimerudia tena ilipokata mara nyingine, vilevile, 4e intaneti ipo, b2 hamna.

Na kebo iko kwenye tundu la njano, yako manne ya njano. La bluu lenye kidunia liko wazi halina kitu.

#14 Dada wa Mtandao

Ndo hapo hapo kaka. Na hiyo b1 na b2 isikutie shaka, ruta moja huwa na MAC kadhaa, upande wa ndani, upande wa nje, waifai zenyewe, zinapishana mwishoni tu.

Sasa nieleze kinachotokea. Kebo ikichomekwa kwenye tundu la LAN, ruta yako haijui kwamba huko kuna intaneti, inaona tu ni kifaa kingine cha ndani ya nyumba. Tundu lake la kutokea nje ni lile la bluu na liko tupu, kwa hiyo yenyewe kama yenyewe haina pa kukupeleka. Ila kwa kuwa matundu ya LAN na waifai yameungana ndani, simu yako inapita ndani ya ruta mpya moja kwa moja mpaka kwenye kiboksi, na kiboksi ndo kinakupa intaneti. Ndo maana siku ya kufunga mlijaribu ikaruka.

Tatizo ni kwamba simu ikitaka kwenda nje inauliza mtandao mzima, nani ni 192.168.1.1? Wanajibu wawili. Ni sawa na nyumba mbili mtaa mmoja zina namba ileile, bodaboda wa mzigo leo anafika kwako kesho anapeleka kwa jirani. Simu inashika jibu moja inalitunza kwa muda, baadae inauliza tena, inaweza kushika lile lingine. Kila kifaa kinatunza jibu lake, wewe umeshika kiboksi mkeo kashika ruta mpya, wewe unaperuzi yeye kakwama. Mkizima waifai na kuwasha swali linaulizwa upya, mnabahatika.

Halafu kuna la pili juu ya hilo. Vyote viwili vinagawa anwani, ile kazi ya DHCP, na havijuani. Kiboksi kinaweza kuipa TV namba fulani na ruta mpya ikaipa simu namba ileile. Hapo navyo vinaanza kusukumana. Jioni vifaa vikirudi nyumbani vyote vinaomba namba kwa mpigo, ndo maana jioni inazidi.

Ruta yako sio feki kaka, ni nzima. Imechomekwa vibaya na aliyeifunga.

#15 Mkongwe wa Kariakoo

Kongole dada. Hili nimeliona sana, wateja wanarudisha ruta nzima kabisa, ukiichomeka dukani inapiga kazi. Hawa vijana wa kufunga wanachomeka tundu lolote, wakiona ukurasa umefunguka wanasema tayari bosi. Inaudhi kwa kweli, maana mteja ndo anayeumia na muuza duka anaitwa tapeli.

#16 Mpangaji wa Tabata

Daah. Dada Mungu akubariki. Kwa hiyo nihamishie tu kebo kwenye la bluu yaishe?

#17 Dada wa Mtandao

Usihamishe kwanza, ngoja uchague. Njia ziko mbili.

Ya kwanza, ruta mpya uigeuze iwe ya kusambaza waifai tu. Ingia kwenye setingi zake utafute sehemu ya aina ya matumizi, utakuta neno Access Point au AP, chagua hiyo uhifadhi, itajiwasha upya. Hapo inaacha kugawa anwani, inaacha kujiita 192.168.1.1, inaomba namba kwa kiboksi kama simu nyingine yoyote, na mwenye kugawa anakuwa mmoja tu. Kwako mimi ningechagua hii bila kufikiria mara mbili, kiboksi kinajua kuingia kwa kampuni, kiachie kazi hiyo.

Ili uhakikishe unaingia kwenye ruta mpya na sio kiboksi, chomoa kebo inayoviunganisha kwanza, halafu ingia. Ukimaliza chomeka tena. Kumbuka baada ya hapo ukurasa wa ruta mpya hautakuwa tena 192.168.1.1, utaukuta kwa namba iliyopewa, ingia kwenye kiboksi uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa utaiona.

Ya pili, uiache iwe ruta kamili, kebo ihamie la bluu, na namba yake ya ndani uibadilishe, weka mfano 192.168.10.1. Ruta nyingine zikiona upande wa nje kuna 192.168.1 zinajibadilisha zenyewe, nyingine hazifanyi hivyo, bora uiweke mwenyewe. Inafaa kama unataka udhibiti wako, muda wa watoto, waifai ya wageni na kadhalika. Ubaya wake utakuwa na ruta nyuma ya ruta, kuperuzi na kuangalia video hutaona tofauti, ila magemu ya mtandaoni na kamera unayotaka kuiangalia ukiwa safarini vinaweza kusumbua.

Njia yoyote utakayochukua, waifai ya kile kiboksi ama uizime ama uipe jina lingine, isije simu ikang'ang'ania ile dhaifu ukadhani ni ruta mpya.

#18 Fundi Waya

Sina cha kuongeza hapo, chukua ya kwanza. Sasa turudi kwenye ile ya 5 inayopotea, maana hilo ni jambo jingine kabisa na tukiliacha utarudi hapa kesho.

Masafa ya 5 yamegawanyika. Chaneli 36, 40, 44 na 48 ziko huru. Kuanzia 52 mpaka 64, na 100 mpaka 144, zinatumiwa pia na rada, za hali ya hewa na za kijeshi, na rada ndo mwenye haki ya kwanza. Kwa hiyo ruta ikitaka kukaa chaneli hizo lazima kwanza inyamaze isikilize sekunde 60 kama kuna rada, ikiisikia baadae ikiwa kazini inatakiwa ihame mara moja na isirudi pale kwa nusu saa. Kwa kanuni za Ulaya kipande cha 120 mpaka 128, ambacho ni cha rada za mvua, kusikiliza ni dakika 10 nzima. Jina kupotea dakika moja hivi kisha kurudi, hiyo ni dalili yake kabisa. Na sio lazima pawe na rada kweli hapo Tabata, hizi ruta za bei ya kati zinasikia kelele yoyote ya haraka haraka zinadhani ni rada.

Ingia kwenye setingi za waifai ya 5, angalia iko chaneli gani.

#19 Mpangaji wa Tabata

Fundi nimeangalia, iko otomatiki lakini pembeni inaonyesha sasa hivi iko 36. Si umesema 36 iko huru?

#20 Fundi Waya

Swali zuri sana hilo. Angalia mstari wa chini yake, upana wa chaneli kwa megahezi. Umeandikwa ngapi? 80 au 160?

#21 Mpangaji wa Tabata

160.

#22 Fundi Waya

Haya basi. Chaneli 36 kwa upana wa 160 haikai kwenye 36 peke yake, inalala kuanzia 36 mpaka 64, yaani nusu yake iko ndani ya eneo la rada. Kwa hiyo ukurasa unakuandikia 36 unaona uko salama, kumbe ikisikia kitu kwenye ile nusu ya juu inaondoka yote. Weka upana 80, chaneli iweke 36 kwa mkono sio otomatiki. Kwa upana wa 80 itakaa 36 mpaka 48, huko rada hawana habari nako.

Hiyo 160 inaandikwa kwenye maboksi kwa herufi kubwa ili kuuza spidi. Kwenye nyumba ya kupanga yenye majirani kila upande, bando lenyewe la kawaida, hupotezi chochote kwa kukaa 80. Wife anahitaji kikao kisichokata, spidi ya kwenye boksi haimsaidii kitu.

#23 Mpangaji wa Kasarani

Niaje wadau, mimi niko Nairobi. Nimepita tu lakini hii kitu imenigusa. Mimi ruta yangu iko sawa kwa kebo, haikati hata siku moja, lakini waifai ya 2.4 ni balaa, na TV yangu ni ya zamani haishiki ile ya 5. Nikifungua simu naona waifai za watu zimejaa skrini yote, tuko fleti ya ghorofa nyingi kila nyumba ina yake. Mnasemaje?

#24 Fundi Waya

Karibu ndugu. Wewe shida yako ni msongamano. Kwenye 2.4 chaneli ziko 13 kwa majina lakini zimepandana, chaneli moja na inayofuata zimepishana megahezi 5 tu wakati waifai inakula kama 20. Zisizogusana ni tatu, 1, 6 na 11. Weka mojawapo ya hizo, usiweke 3 wala 8 ukidhani umepata sehemu tulivu, hapo unaumizwa na wa pande zote mbili. Waifai mbili zilizo chaneli moja zinasikilizana zinapeana zamu, zilizopandana nusu nusu zinapigiana kelele tu.

Halafu upana weka 20. Ruta mpya nyingi zinakuja na 40 au otomatiki, kwenye fleti 40 ni kujitafutia taabu.

Pakua apu ya kupima waifai kwenye simu ya Android, itakuchorea kila chaneli ina wangapi. Nenda nayo pale TV ilipo. Nguvu inasomwa kwa namba za hasi, minus 50 ni nzuri sana, minus 67 video bado inaenda vizuri, ikishapita minus 75 usitegemee. Na kama jiko la maikrowevu liko kati ya ruta na TV lihamishe, linafanya kazi karibu 2.45, katikati kabisa ya waifai yako. Ila kwa kuwa umesema kebo haikati, na TV haitembei, ivutie kebo tu TV uachane na waifai.

#25 Mpangaji wa Kasarani

Kebo naweza vuta, ni mita chache tu. Nilikuwa siwazii hivyo. Shukrani.

#26 Mwana wa Mji Mkongwe

Asalaam aleikum. Mie niko Zanzibar, nyumba yetu ya zamani ndani ya Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mpaka dirishani mtu anakaa. Huku hata ukinunua ruta ya antena nane haivuki vyumba viwili. Ile ya 5 ndo kabisa, ukifunga mlango imekwisha. Tulihangaika na vile vidude vya kurudisha mawimbi vya kuchomeka ukutani, havikutufaa maana navyo vinapokea dhaifu vinarusha dhaifu. Kilichotufaa ni kuvuta kebo kupitia uwanjani mpaka juu na kuweka ruta ya pili imegeuzwa AP vilevile kama alivyosema dada. Kwa hichi kitu wenye nyumba za mawe msipoteze pesa kwa antena, pelekeni kebo.

#27 Mpangaji wa Tabata

Wakuu mrejesho. Nimechomoa kebo, nikaingia, nikaigeuza AP, nikachomeka, ikajiwasha. Ya 5 nimeweka 36 upana 80, ya 2.4 nimeweka 11 upana 20 kwa sababu apu imeonyesha 1 na 6 majirani wamejaa. Waifai ya kiboksi nimeizima.

arp -a inatoa 4e tu sasa, kila nikirudia ni 4e. Ping nimeiacha inatembea toka jana usiku. Wife amefanya kikao chake leo kirefu kikaisha vizuri akiwa chumba cha nyuma, kulekule kulikokuwa hakufiki kitu, na jina la ile ya 5 halijapotea tena. Amesema niwape salamu zake, hasa Dada wa Mtandao. Sina namna ya kuwashukuru, nilikuwa nishaiweka ruta kwenye boksi lake niirudishe.

#28 Dada wa Mtandao

Nimefurahi sana kaka, mpe salamu zangu. Bado moja, paswedi ya kuingilia kwenye setingi za ruta, sio ya waifai, kama bado ni ile ya kwenye stika ibadilishe. Na angalia kama kuna toleo jipya la programu ya ruta yenyewe, ukurasa wenyewe una sehemu ya kuangalia, fanya hivyo ukiwa na uhakika wa umeme maana ukikatika katikati ruta inaweza isiamke.

#29 Mama Kamera

Samahani naomba kuuliza kwa hapahapa. Mimi nimeunga vifaa viwili kama njia ya pili ya dada, intaneti iko vizuri haikati, ila kamera ya dukani niliyofungiwa siwezi kuiona nikiwa nje, fundi ananiambia nifungue poti, yaani mlango kwenye ruta wa kuingilia kamera kutoka nje. Nimefungua kwenye ruta yangu, haionekani.

#30 Fundi Waya

Mama, ukiwa na ruta nyuma ya ruta inabidi poti ifunguliwe kwenye zote mbili, ya kampuni na ya kwako. Lakini kabla hujahangaika ingia kwenye kiboksi cha kampuni uangalie namba ya upande wa nje, ile ya WAN. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, hiyo sio ya kwako peke yako, mmechanganywa wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna poti utakayoifungua ikasaidia. Hapo ama uombe kampuni anwani yako mwenyewe, wengi wanatoza kila mwezi, ama utumie apu ya kamera yenyewe inayopitia seva zao, hiyo haihitaji poti. Tuandikie ni namba gani inaanza, namba hizo mbili za mwanzo kabla ya nukta ya pili tu zinatosha, usiweke yote hapa hadharani.

#31 Mama Kamera

Inaanza 100.72.

#32 Fundi Waya

Basi funga hizo poti ulizofungua mama, hazina kazi. Tumia apu ya kamera, na paswedi ya kamera ibadilishe leoleo.